Kinga isiyo na pedali kwa mtoto wa miaka minne hadi sita: namna ya kuichagua

Kila mwaka, wakati wa Noeli na wakati masomo yanapokaribia kufungwa, wazazi wa makanisa yetu ya Butembo na Beni hutuuliza swali lile lile: mtoto wetu yuko maternele, ana miaka minne au mitano, anatamani kinga, tumtafutie ya namna gani? Wengine huuliza wakiwa wamekwisha kununua. Kinga iko chini ya kitanda, mtoto anaikimbia, na papa yake anasema mtoto ni mwoga. Mara nyingi mtoto si mwoga. Kinga ndiyo haikumfaa.

Sisi tunaofundisha watoto wa Ekodimu tumeyaona mambo haya katika uwanja wa kanisa, na kama wazazi tulikosea wenyewe kabla ya kujifunza. Hapa tumekusanya yale ambayo mzazi anapaswa kujua kabla ya kutoa franka zake: kinga isiyo na pedali ni kitu gani, namna ya kumpima mtoto, mambo ya kutazama sokoni, namna ya kuagiza kwa seremala, na mahali pa kumfundishia. Tunasema "kinga" kama tunavyosema nyumbani. Wengine husema velo, na jirani zetu wa Uganda na Kenya husema baiskeli.

Ni kitu gani?

Ni kinga ndogo yenye magurudumu mawili, kiti na usukani, lakini haina pedali wala mnyororo. Mtoto huketi, miguu yote miwili ikigusa udongo, naye husukuma kwa miguu kama anayetembea. Baada ya siku chache hatua zinakuwa ndefu. Baadaye anakimbia, kisha anainua miguu na kuacha kinga iteleze yenyewe. Siku hiyo ameshajua jambo lililo gumu kuliko yote katika kuendesha kinga, yaani kusimama sawa juu ya magurudumu mawili. Pedali zitakuja baadaye, na hazitamsumbua.

Mtu wa Kivu ya Kaskazini haoni ugeni katika jambo hili, kwa sababu tuna chukudu. Chukudu ina magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa vipande vya mpira wa gari, ubao wa kubebea mzigo, na usukani. Mwenye nayo huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Inashusha viazi, kabichi, makaa na mbao kutoka milimani, mizigo ya mamia ya kilo, bila pedali na bila tone la mafuta ya gari. Watu wa Goma wameiheshimu kwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Na watoto wetu, bila kufundishwa na mtu, hujitengenezea chukudu ndogo kwa vipande vya mbao.

Hata huko Ulaya mambo yalianza hivyo. Tarehe 12 Juni 1817, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, Karl von Drais alionyesha chombo chake cha mbao chenye magurudumu mawili, kilichokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20. Aliketi juu yake na kukisukuma kwa miguu. Pedali hazikuonekana mpaka miaka ya 1860 huko Ufaransa. Maana yake, watu walijifunza kwanza kusimama sawa, na kupiga pedali kukafuata baada ya zaidi ya miaka arobaini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wajerumani walirudia wazo hilo la zamani na kulitengenezea watoto wadogo, na sasa limeenea mahali pengi.

Kwa nini tusianze na kinga ya magurudumu manne?

Kinga nyingi za watoto zinazoletwa na wafanyabiashara wetu zina magurudumu mawili madogo pembeni, upande huu na upande huu. Mzazi huona ni salama. Lakini kinga hiyo inamfundisha mtoto kupiga pedali tu, haimfundishi kusimama sawa.

Kinga ya magurudumu mawili ikianza kuangukia kuume, mwenye nayo hugeuza usukani kidogo kuume, nayo inasimama tena. Hilo linakuwa desturi ya mwili, mtu halifikirii. Lakini kinga iliyoshikiliwa na magurudumu ya pembeni haiinami. Mtoto anazoea kuegemea, na siku unapoyaondoa anaanza upya, tena akiwa na hofu, maana zamani alikuwa akienda mbio na sasa anaanguka. Zaidi ya hayo, barabara zetu si sawa. Gurudumu la pembeni likipanda juu ya jiwe, la nyuma linaning'inia hewani, na mtoto anapiga pedali bila kwenda popote.

Mtoto wa miaka mitano si mtoto wa miaka miwili

Kinga nyingi zisizo na pedali zinazouzwa zimetengenezwa kwa watoto wa miaka miwili na mitatu. Mzazi wa mtoto wa miaka mitano akiinunua, atamwona mwanawe amekunja magoti karibu na usukani kama panzi, na baada ya miezi michache haitamfaa tena. Kwa mtoto mkubwa wa maternele angalia mambo matatu: kiti kinachoweza kupandishwa vya kutosha, magurudumu makubwa zaidi, na freni. Mtoto mdogo anakwenda polepole, na miguu inatosha kumsimamisha. Mtoto wa miaka mitano ana nguvu, anakimbia, na viatu vyake haviwezi kumsimamisha kwenye mteremko.

Kupima mtoto

Usichague kwa umri peke yake. Watoto wawili wa miaka mitano wanaweza kutofautiana kwa kiganja kizima. Pima mguu wake hivi:

Mtoto avae viatu atakavyotumia, asimame akiegemea ukuta, miguu ikiachana kidogo. Chukua kitabu kigumu, kiweke katikati ya mapaja yake kikigusa ukuta, ukipandishe polepole mpaka kifike juu kabisa kama vile ameketi juu yake. Weka alama ukutani mahali pa ukingo wa juu wa kitabu. Pima kutoka chini mpaka kwenye alama kwa mita ya fundi cherehani. Watoto wengi wa umri huu huwa kati ya sentimita 38 na 50.

Kiti cha kinga kinapaswa kuwa chini ya kipimo hicho kwa sentimita 2 hadi 4. Mtoto mwenye mguu wa sentimita 44, kiti chake kiwe kwenye 40 hadi 42. Akiketi, nyayo zote mbili zilale chini na magoti yakunjike kidogo tu. Kama anagusa kwa vidole tu, kiti ni cha juu mno, ataogopa. Kama magoti yamekunjika sana, kiti ni cha chini mno, hatapata nguvu ya kusukuma.

Uliza pia kiti kinaweza kupanda mpaka wapi. Katika umri huu mtoto huongezeka karibu sentimita 6 kwa mwaka, na kama nusu ya hizo ni za miguu. Kiti kinachoweza kupandishwa sentimita 8 zaidi kitamfaa miaka miwili, na mdogo wake ataweza kukirithi. Lakini usinunue kinga kubwa leo kwa kusema "atakua nayo." Sweta kubwa haimdhuru mtoto, ila kinga kubwa humwangusha.

Uzito

Inua kinga kwa mkono mmoja kabla ya kuuliza bei. Kanuni inayofaa ni hii: kinga isizidi theluthi moja ya uzito wa mtoto, na ikiwa chini ya hapo ni vizuri zaidi. Mtoto wa kilo 16 asipewe kinga inayopita kilo 5. Nyingi za chuma zilizo sokoni zinapita hapo. Kinga nzito ikianza kuanguka, mtoto hawezi kuizuia, nayo inamwangukia mguuni. Tena ataisukuma mwenyewe kupanda kilima cha kurudi nyumbani, na mtu wa Butembo anajua kilima ni nini.

Magurudumu na mipira

Ukubwa wa magurudumu husemwa kwa inchi. Inchi 12 ni ya watoto wadogo. Kwa mtoto mwenye mguu unaopita sentimita 42, inchi 14 inafaa zaidi, kwa kuwa gurudumu kubwa linapita mashimo na mawe kwa urahisi. Lakini namba ya gurudumu haikuambii urefu wa kiti. Pima kiti kila mara.

Mipira ni ya namna mbili. Kuna ile migumu ya sponji, isiyotobolewa na msumari wala isiyohitaji pompi. Ni myepesi, lakini huteleza kwenye changarawe na matope, na mtoto anasikia kila jiwe mikononi. Kuna ile ya hewa, yenye mpira wa ndani. Hiyo hushika udongo vizuri na kupunguza mtikiso. Kwa barabara za udongo za Butembo na Beni, hasa miezi ya mvua, sisi tunachagua ya hewa, maana fundi wa kinga hakosekani mtaani. Kwa uwanja wa saruji wa kanisa au wa masomo, ile ya sponji inatosha.

Freni

Hapa tunaomba kila mzazi asimame kidogo.

Mtoto mmoja wa miaka mitano, wa mtaa wa karibu na kanisa letu, alichukua chukudu ya kaka yake mkubwa na kuteremka nayo kilima. Kaka alijua kukanyaga kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ili kuisimamisha. Mdogo hakujua, na hata kama angejua, mguu wake ulikuwa mwepesi mno. Aliingia katika barabara ya lami mbele ya moto. Mwenye moto alikwepa, mtoto akaangukia pembeni na kuvunjika mkono. Mama yake alitueleza hospitalini kwamba alikuwa akimtazama kila siku akicheza na hakuwahi kufikiria kilima.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 kuna sheria ya ukuta mdogo juu ya paa: anayejenga nyumba aweke kizuizi ili mtu asianguke kutoka humo. Mwenye nyumba huwajibika kabla jambo halijatokea. Freni ya kinga ya mtoto ni jambo la namna hiyo.

Kwa mtoto wa miaka minne na nusu au zaidi, tafuta kinga yenye freni ya mkono kwenye gurudumu la nyuma. Ijaribu kwa mkono wa mtoto mwenyewe, si kwa mkono wako: je, vidole vyake vinaifikia? Je, ana nguvu ya kuibana mpaka gurudumu lisimame? Kama hapana, fundi anaweza kuisogeza karibu. Kama kinga ina freni mbili, bana moja moja na utazame ni gurudumu gani linasimama, maana si nchi zote zinazozifunga kwa namna moja, na bidhaa zetu hutoka pande nyingi. Freni ya mbele ikibanwa kwa ghafula inaweza kumrusha mtoto juu ya usukani. Afundishwe kwanza ile ya nyuma.

Kinga isiyo na freni ni ya mahali tambarare tu. Hakuna namna nyingine.

Njia tatu za kuipata

Ya kwanza ni kununua mpya. Kinga za watoto zisizo na pedali si nyingi katika magazini zetu, lakini wafanyabiashara wa Butembo, ambao huleta bidhaa kutoka Dubai na China kupitia Mombasa na Kasindi, huweza kuagiza. Usiridhike na picha. Uliza urefu wa kiti wa chini na wa juu, uzito, aina ya mipira na freni. Uliza bei katika magazini tatu.

Ya pili, ambayo kwa jamaa nyingi ndiyo bora, ni kununua kinga ya kawaida ya okazio na kuondoa pedali. Mtoto akisha kujua kusimama sawa, unazirudisha, nawe umenunua kinga moja badala ya mbili. Lakini fahamu mambo manne.

Kwanza, pedali ya kuume hufunguliwa kwa kuzungushia ufunguo kushoto, kama kila skrubu. Pedali ya kushoto ni kinyume: hufunguliwa kwa kuzungushia kuume. Wengi wameharibu uzi wake kwa kulazimisha. Ufunguo wa namba 15 ndio hufaa mara nyingi.

Pili, vile vyuma vinavyoshika pedali vitabaki na vitagonga miguu ya mtoto. Fundi mwenye chombo chake anaweza kuviondoa pamoja na mnyororo. Kama hana, vifunge kitambaa kinene.

Tatu, kinga nyingi za watoto husimama kwa kurudisha pedali nyuma. Ukiondoa pedali, umeondoa freni. Hakikisha kuna freni ya mkono, au mwombe fundi aiweke kabla mtoto hajapanda.

Nne, kinga ya pedali ina kiti cha juu kuliko ile iliyotengenezwa bila pedali. Kinga ya inchi 16 mara nyingi ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka minne. Tumia kile kipimo cha ukutani.

Katika okazio, tazama pia kadre: mahali palipounganishwa kwa moto pasiwe na ufa wala kutu iliyokula ndani. Zungusha kila gurudumu, lisiyumbe. Shika gurudumu la mbele katikati ya magoti yako na ugeuze usukani. Usizunguke peke yake.

Ya tatu ni kuagiza kwa seremala. Kivu ina mafundi wanaojua chukudu tangu ujana wao, na kazi hii hawataishindwa. Lakini usimwambie "nitengenezee chukudu ndogo," maana atatengeneza chombo cha kubeba mzigo. Mwambie hivi:

Mtoto ataketi, hatapiga goti. Kiti kiwe na nguzo yenye matundu kadhaa ili kipandishwe anapokua. Mbao ziwe nyembamba. Mikaratusi ni imara lakini ni mizito, kwa hiyo itumike mahali penye nguvu tu, na kwingine utumike mti mwepesi zaidi kama grevilea au sipresi, ukiwa umekauka vizuri. Magurudumu yawe ya kipenyo cha sentimita 30 hadi 35, yavikwe mpira, na yazunguke juu ya rulma, hata za moto ya zamani, ili yasikwame. Usukani uwe na upana wa kama sentimita 40, usimame karibu na kifua cha mtoto akiwa ameketi, na ncha zake zifunikwe kwa mpira ili zisimtoboe tumboni akianguka. Sehemu zote ziunganishwe kwa buloni zenye nati mbili, si kwa misumari, maana misumari hulegea kwa mtikiso. Pembe zote zisuguliwe. Kama mnataka rangi, msitumie ya makopo ya zamani, kwa kuwa rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto anayelamba vitu.

Kinga ya mbao ya namna hii mara nyingi haina freni ya mkono. Basi ikae katika uwanja tambarare, na mlango wa parseli ufungwe.

Kofia na viatu

Kofia ngumu ya mtoto ni vigumu kuipata, lakini itafutwe. Ile ya moto ya mtu mzima haifai. Ni nzito kwa shingo ya mtoto na huzunguka kichwani. Kofia nzuri hukaa vidole viwili juu ya nyusi, haiendi nyuma kama kofia ya yenga, na mshipi wake unaruhusu kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Kofia iliyopigwa kwa nguvu katika ajali isitumiwe tena, hata kama haionyeshi ufa. Mtoto avae viatu vilivyofungwa. Kandambili hutoka mguuni, na vidole ndivyo freni yake ya kwanza.

Mahali pa kufundishia

Butembo ni mji wa vilima, Beni ni tambarare zaidi, lakini yote miwili imepitiwa na barabara ya taifa namba 2, na moto hazihesabiki. Mtoto asijifunze barabarani, wala kando ya Bulvari Nyamwisi, wala katika njia ya mteremko inayoishia kwenye lami. Tafuta uwanja wa kanisa siku za juma, uwanja wa masomo baada ya saa za darasa, au parseli yenye nafasi. Urefu wa hatua thelathini unatosha.

Kuhusu kilima tuna kanuni moja: mtoto asishuke mahali ambapo mtu mzima anayetembea kwa miguu hawezi kumfikia, wala mahali asipoweza kusimama ndani ya hatua tatu. Anza na mwinamo mdogo sana, wenye eneo tambarare mwishoni, bila ukuta na bila mtaro.

Kwa wazazi wa Beni na vijiji vyake kuna neno zaidi. Tangu Oktoba 2014 jamaa nyingi zimezoea kuwaweka watoto karibu, na kwa sababu nzuri. Kinga isiwe sababu ya mtoto kwenda mbali. Weka mpaka anaoujua: mti huu, ukuta ule, na daima mahali anapoweza kusikia sauti yako. Mfundishe kwamba akiona kitu cha chuma asichokijua katika majani, asikiguse, arudi akuambie. Lakini usimfungie ndani siku zote. Mtoto aliyesikia milio ya risasi usiku anahitaji kukimbia na kucheka mchana.

Wiki za kwanza

Siku ya kwanza mwache atembee tu. Usimsukume mgongoni, usishike kiti. Ukishika, mikono yako ndiyo inayosimamisha kinga na yeye hajifunzi. Kaa karibu, zungumza naye, mwambie atazame mbele na si magurudumu. Dakika kumi na tano au ishirini zinatosha, kisha aache akiwa bado anataka.

Mfundishe kusimama kabla ya kumfundisha kwenda mbio. Mchezo mmoja tunaoutumia: mtoto anakuja kwako, unainua mkono, naye anasimama mara moja. Afanye hivyo mara nyingi mpaka vidole viizoee freni. Watoto wengine huinua miguu baada ya siku tatu, wengine baada ya wiki sita. Usiwalinganishe. Kama mtoto ana ugumu wa kutembea, au kifafa, ongea kwanza na muganga wa hospitali.

Wasichana na watoto wa wageni

Tumeona jambo linalotuhuzunisha. Kinga ikinunuliwa, hupewa mvulana, na dada yake, hata akiwa mkubwa zaidi, anatumwa kuchota maji. Hakuna sababu ya mwili wala ya Maandiko ya kumnyima msichana. Naye atahitaji kesho kwenda masomo, sokoni na kituo cha afya, na kinga itamfupishia njia. Mpeni zamu yake.

Tena, nyumba nyingi zetu zimepokea jamaa waliokimbia vijiji vyao. Kinga moja katika parseli yenye watoto sita inaweza kuleta vita au furaha, kulingana na namna mnavyopanga. Sisi huweka zamu kwa wimbo: wimbo ukiisha, anapanda mwingine. Na kusanyiko lisiloweza kununua kinga kwa kila nyumba linaweza kununua mbili kwa ajili ya Ekodimu, za vimo viwili tofauti, na kumchagua mtu mmoja wa kuzitunza na kukaza nati kila juma.

Lini kurudisha pedali?

Mtoto akiweza kuteleza miguu ikiwa juu kwa hatua kumi hivi, akipinda kona bila kuweka mguu chini, na akisimama kwa freni unapomwita, yuko tayari. Rudisha pedali, zungusha ya kushoto kwa upande wake, na usiweke magurudumu ya pembeni. Punguza kiti kidogo kwa wiki ya kwanza ili miguu ifike chini. Wengi huondoka siku hiyo hiyo.

Kwa ufupi, unapokwenda sokoni

Beba mita, na kipimo cha mguu wa mtoto kikiwa kimeandikwa. Kiti kiwe chini ya kipimo hicho kwa sentimita 2 hadi 4, na kiweze kupanda. Uzito usipite theluthi ya mtoto. Mipira iwe ya hewa kwa barabara ya udongo. Freni ya nyuma ifikiwe na kubanwa na mkono wake. Usukani na magurudumu visiyumbe. Kama unaweza, nenda na mtoto mwenyewe, aketi juu yake mbele ya muuzaji. Nyayo zake zikilala chini na uso wake ukifurahi, lipa. Akigusa kwa vidole tu, mshukuru muuzaji na uende magazini nyingine, hata kama bei ni nzuri.